Weusi wa Amosi

Jumatatu, 3 Machi

Uji. Vidonge vya moyo. Kiti barazani. Miguu imevimba hadi magotini. Nikibonyeza ngozi, shimo linabaki. Nilifundisha baiolojia sekondari hapa Kasulu mpaka nikastaafu, kwa hiyo najua maana yake. Sina muda mrefu.

Nestoria, mke wa mjukuu wangu Jonasi, alitoka na mtoto kuota jua. Amosi bado hatembei. Alizaliwa maji ya kunde kama baba yake. Sasa ni mweusi kabisa, hata ufizi, hata mikunjo ya viganja. Mama Jonasi, mkwe wangu, alikuwa anamenya muhogo na majirani. Akasema bila kuinua kichwa, "Mkaa huu sijui umetoka jiko gani." Wakacheka. Jonasi alisikia, akaendelea kufunga kamba ya kiatu.

Mimi pia sikusema kitu.

Jumatano, 5 Machi

Alfajiri Amosi alikakamaa. Macho yalipinduka. Hakuwa na homa. Alikuwa hajanyonya tangu jioni. Alipolegea mama yake akamlambisha sukari, fahamu zikamrudia taratibu.

Nimeshayaona haya. Katika nyumba hii hii.

Alhamisi, 6 Machi

Hospitali. Mimi nilianzia kliniki ya moyo, kisha nikawafuata wao kwa daktari wa watoto, binti wa Tanga aliyehamishiwa huku. Alimfunua Amosi mdomo, akatazama ufizi muda mrefu. Akachukua damu. Anashuku tezi zilizo juu ya figo. Majibu wiki ijayo.

Aliuliza mambo mawili. Kuna watoto waliofariki hivi katika ukoo? Wazazi wana undugu?

Mama Jonasi akajibu kwa wote. "Hakuna. Tuliulizana koo wakati wa posa, hawagusani popote." Kwa hesabu yetu ni kweli. Kwetu ukoo ni wa baba. Upande wa mama haukuulizwa.

Nilikuwa nimekaa naye benchi moja. Nilitazama sakafu.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya ibada walimwekea Nestoria kikao. Jonasi alimwambia, "Nenda kwenu Kibondo, ukamtafute baba yake." Hakulia. Alimfunga mtoto mgongoni, akaita bodaboda. Alipopita kwangu akasimama. "Babu, wewe umesoma. Huna la kusema?"

Nilikuwa nalo. Nikamwambia safari njema.

Najichukia.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika kwanza, nione kama mkono utakubali.

Fidelis, marehemu baba yake Jonasi, hakuwa mtoto wetu wa kwanza. Kabla yake kulikuwa na Paulo, kisha Tereza. Wote walianza kuwa weusi wakiwa wananyonya. Wote walikakamaa alfajiri. Wote tuliwazika wakiwa wadogo. Mama yangu alimwita mke wangu Sabina malaya, mbele ya watu. Mimi nilimwamini Sabina. Sikumtetea. Nilikuwa mwalimu kijana, niliogopa kuchekwa. Baadaye tukaacha kuwataja. Waliojua wamekufa.

La pili. Sabina alitoka Kibondo. Yeye na bibi mzaa mama wa Nestoria walizaliwa na dada wawili. Siku ya posa nililijua hilo. Nilikuwa nimefundisha urithi wa sifa miaka yote, maharage meupe na mekundu juu ya meza. Nikanyamaza kwa sababu nilitaka mtu wa damu ya Sabina aingie tena katika nyumba hii. Basi.

Jumanne, 11 Machi

Nimesema. Mchana, ugali ukiwa bado mezani. Mama Jonasi akanikatiza, "Baba, umezeeka, unaota mchana." Nikataja majina. Nikaonyesha makaburi yalipo, chini ya migomba, mahali alipopanda magimbi. Akanawa mikono kabla ya kumaliza kula.

Jonasi akampigia daktari. Sauti ilitoka hadi kwangu: majibu yako tayari, mtoto hana kabisa homoni ya tezi ile, mko naye wapi? Alipoambiwa, akasema atawapigia wenzake wa Kibondo. Jonasi aliondoka na pikipiki bila koti. Mvua ilikuwa inanyesha.

Najua usiku huu sitalala vizuri. Sistahili kulala vizuri.

Jumatano, 12 Machi

Simu kutoka Kibondo. Amosi alikuwa amekakamaa tena; mama yake alikuwa tayari amemkimbiza hospitali. Walimwekea dripu ya sukari na ile homoni. Mchana alifumbua macho, akataka kunyonya. Dawa hiyo atameza maisha yake yote.

Nestoria hamruhusu Jonasi kumshika mtoto. Sawa.

Jumatatu, 16 Juni

Majibu ya vinasaba yametoka. Walipimwa wote watatu. Daktari alikuja mwenyewe, kwa kuwa mimi siwezi tena kupanda gari. Jeni inaitwa MRAP. Protini yake hukisindikiza kipokezi hadi juu ya seli ya tezi, ili kisikie ujumbe wa ubongo. Kwa Amosi protini hiyo haifanyi kazi. Kipokezi kinabaki ndani. Ubongo unatuma ujumbe, haujibiwi, unatuma mwingine na mwingine. Huo unaozidi ndio unaotia ngozi weusi.

Ili mtoto augue, lazima nakala zote mbili ziwe mbovu. Moja ya mama, moja ya baba. Ya baba imeonekana kwa Jonasi.

Kwa hiyo weusi ule ulikuwa unamtaja Jonasi tangu mwanzo. Tuliufanya shahidi wa uongo. Mama Jonasi alikwenda jikoni, akaosha sufuria zilizokuwa safi.

Jumapili, 6 Julai

Sishuki kitandani. Nestoria amekuja na Amosi. Hajarudi kwetu, Jonasi amepanga chumba Kibondo, anauza mbegu sokoni, anasubiri. Mtoto anasimama kwa kushika kitanda. Rangi imeanza kufifia viganjani.

Alinisalimu kwa Kiha kama zamani, "Mwakeye, babu," lakini hakutabasamu. Aliniuliza Paulo na Tereza walikuwaje. Nikamwambia ninayokumbuka. Ni machache.

Kisha akashika tumbo lake. Limeanza kuonekana. Ujauzito aliondoka nao siku ile ya kikao, hakuna aliyejua. Akauliza huyu je.

Hesabu hiyo nimeiandika ubaoni mara nyingi. "Robo," nikasema. "Katika mafungu manne, moja. Apimwe damu mara akizaliwa, asisubiriwe awe mweusi."

Amosi alikuwa anavuta shuka langu. Baadaye akanisogezea kikombe cha uji, akakishikilia mpaka nikamaliza.