Sarafu ya Baba Haikugongwa Nyundo

Mpendwa mshauri, nimekuja kwako nikiomba msaada, maana jambo lenyewe ukilisikia utacheka, hata mimi mwanzoni nilicheka, lakini sasa nyumbani kwetu hakuna anayecheka.

Baba yangu ni fundi wa kufuli na funguo, kibandani kwake anafanya kazi pamoja na mdogo wake, yaani baba yangu mdogo, tangu mimi sijazaliwa, mmoja anabana funguo kwenye jiliwa na kuzichonga, mwingine anafungua kufuli zilizokwama, na ugomvi wao mkubwa ulikuwa nani kaificha tupa ndogo. Basi siku moja baba alirudishiwa chenji dukani, akaona sarafu moja si kama zile nyingine, ni ndogo kidogo, nene pembeni, maandishi yamesogea hadi mwisho kabisa, na ukingo umejikunja kwa ndani kama pindo la suruali, akaipima, akaichungulia kwa kioo chake cha kukuzia, akatangaza kwamba sarafu hii ilikosewa kiwandani ilikotengenezwa, na kwamba wakusanyaji wa sarafu wanazitafuta za namna hiyo kwa udi na uvumba. Tangu hapo mteja hapewi ufunguo wake mpaka aoneshwe sarafu. Tukamwita Gavana, kana kwamba ni wa Benki Kuu, naye jina akalipenda.

Baba mdogo alivumilia, akavumilia, akashindwa. Kibanda kimejaa watu, baba anaeleza, mdogo wake akamkatiza, "Kaka, hebu acha hayo. Kitu hicho kimebanwa kwenye jiliwa kikagongwa nyundo pembeni. Na mtaa huu mwenye jiliwa ni nani?" Watu wakaangua kicheko. Baba akauliza, "Yaani unasema nimeighushi mimi?" na baba mdogo badala ya kusema hapana akasema, "Sijasema mimi, umesema mwenyewe." Mshauri, kwa fundi wa kufuli neno hilo ni zito, watu wanamwachia funguo za nyumba zao wakaenda kazini wakiwa na amani, na fundi anayesemwa kwamba anachezea sarafu kesho atasemwa anabaki na nakala za funguo za watu, na kweli wameshaanza kusema. Baba mdogo alikusanya tupa zake akaondoka. Baba akafunga kibanda, sasa anashinda sebuleni na sarafu mkononi, kila anayeingia anaulizwa, "Nyundo imepita wapi hapa? Nionyeshe alama ya nyundo." Na mimi nimeitazama, alama ya nyundo haipo.

Sasa sikia yangu. Nafanya kazi kwa dobi, yule mwenye mashine kubwa za kukaushia nguo, na sarafu ile nilipoiona tu niliijua. Sarafu watu wanazosahau mifukoni hupenya zikanasa kwenye mwanya kati ya pipa linalozunguka na mwili wa mashine, zinabingirika humo miezi na miezi, ukingo unagongwagongwa kidogo kidogo pande zote, mpaka zinasinyaa na kunenepa. Fundi wa mashine akija kusafisha anazitoa, sisi tunaziita vibabu, kwa kuwa zimezunguka sana zikapungua kimo, tunaziweka kwenye kopo na tukiishiwa tunanunulia mkate duka la jirani. Kwa hiyo sarafu ya baba haikukosewa kiwandani, imeharibikia huku kwetu, pengine kwenye mashine ninayoifungua na kuifunga mimi kila siku.

Na sijasema. Mama alipofariki baba aliacha kuongea, ukimsalimia anatikisa kichwa tu, na sarafu hiyo ndiyo iliyomrudisha kwa watu, sasa nikimwambia ni takataka ya mashine ya nguo si nitammaliza? Juzi baba mdogo alikuja kazini kwangu, akasimama kaunta kama mteja, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, wewe una macho. Nimemkosea baba yako?" nami nikajifanya nahesabu mashuka. Majirani wananiambia ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Niendelee kulima, au niseme?

Ni mimi, Binti wa Fundi Kufuli

*

Binti wa Fundi,

Pole. Nilikuhurumia vizuri kabisa mpaka ulipoanza kuhesabu mashuka. Hapo huruma yangu ilipungua kidogo, nisikufiche.

Methali ya jembe waliambiwa wapita njia, si watoto wa nyumbani. Na wewe hukuchukua jembe wala kapu. Umekaa kitako unatazama shamba linaota magugu, kisha unaniuliza kama uendelee kulima.

Hebu rudia kuisoma barua yako. Unadhani unajua kwamba baba yako mdogo yuko sahihi na baba yako amekosea. Si hivyo. Mkubwa alisema kosa ni la kiwandani, na si kweli. Mdogo alisema ni nyundo na jiliwa, na hilo nalo si kweli. Aliona vyema kwamba sarafu imeharibiwa, akakosea kumtaja mharibifu, na aliyemtaja ni kaka yake wa tumbo moja, mbele ya wateja. Hilo ndilo linalomuuma baba yako. Ungeniandikia kwamba anauliza bei, ningesema ana tamaa ya utajiri na tungetafuta maneno ya kumpoza. Lakini haulizi bei, mwanangu. Anauliza nyundo imepita wapi. Anatafuta shahidi, na shahidi anakaa naye nyumba moja, anampakulia chakula na kunyamaza.

Umeona sasa? Ukweli unaouficha usimtie aibu ndio pekee unaoweza kumtoa aibuni.

Na kuhusu kurudi kwake kwa watu: sarafu haikumrudisha. Walimrudisha wale waliosimama kibandani wakamsikiliza. Sarafu anayo bado, imo mkononi mwake, mbona amejifungia sebuleni?

Basi fanya hivi. Usimwendee na maneno matupu, fundi haamini maneno. Chukua vibabu kutoka kwenye lile kopo lenu, kabla mtu hajavinunulia mkate, uvipange mezani kando ya sarafu yake. Usiseme "Baba, ulikosea." Sema, "Baba, hii haikugongwa na mtu. Nimekuletea ndugu zake." Kisha mpe kioo chake cha kukuzia, uketi. Atavigeuza kimoja kimoja. Ataona ule ukingo uliojikunja sawasawa pande zote, jambo ambalo nyundo ya mkono haiwezi, naye analijua hilo kuliko mimi na wewe. Kiburi chake kitauma, usikimbilie kukipuliza. Kiache kiumie hadi kipoe.

Fundi wa mashine atakapokuja kusafisha, mwombe bosi wako ruhusa umlete baba yako aone pipa likifunguliwa. Umlete na mdogo wake. Usimwambie mmoja kwamba mwingine anakuja, maana hao nawajua, watagoma wote wawili. Waache wainamie ule mwanya pamoja. Na baba mdogo umwambie pembeni, wazi, kwamba radhi anayodaiwa si ya kuikataa sarafu. Ni ya kuutilia shaka mkono wa kaka yake. Aiombe palepale kibandani walipocheka watu, ili waliocheka wasikie.

Gavana abaki na sarafu yake. Ataendelea kuwasimulia wateja, na safari hii atakuwa na kisa kizuri zaidi, cha kweli, na mdogo wake pembeni akimrekebisha.

Jambo moja la mwisho. Baba yako akishamaliza kutazama atainua kichwa, atakuuliza tangu lini ulikuwa unajua. Mjibu. Usihesabu mashuka.