Joho Mlilonishonea

Acocks Green,
Birmingham.
9 Novemba 2025

Mpendwa Baba Mdogo Alfayo,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. U hali gani? Goti limepoa, au bado unakipanda kile kilima cha kanisani kwa ukaidi? Mama Mdogo naye hajambo, na yule ng'ombe wake mkali? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, naamka, naenda kazini Harborne kuwaogesha wazee wa watu, na jioni mbili kwa wiki naingia darasani.

Nimesikia umetangaza kanisani kwamba nasomea uchungaji, kwamba Desemba nitahubiri kwenye kumbukumbu ya Mama, na kwamba kina mama wameshanishonea joho. Baba Mdogo, wewe ukisikia nusu ya habari, nusu nyingine unaitunga mwenyewe. Lakini kosa ni langu. Nilikwambia nasoma dini, nikaishia hapo.

Hii si shule ya wachungaji. Ni chuo cha watu wazima hapa mjini, tunasoma falsafa na dini, zetu na za wenzetu. Mwalimu haanzi kwa maombi. Anauliza, tunajibu, anauliza tena. Nilijiandikisha baada ya Mama kufa kwa kuwa nilidhani huko ndiko majibu yalikowekwa.

Wiki mbili zilizopita alitaka kila mmoja aseme anaamini nini kuhusu kifo. Mimi niliyekariri zaburi kabla sijajua kufunga viatu, nilifungua mdomo nikakuta hamna kitu. Si hasira, si shaka. Hamna. Nikaomba nirukwe.

Jumamosi tulitembelea hekalu la Masingasinga, anakoabudu Kewal, tunayesoma naye. Tuliketi chini tukapewa chapati na dengu. Mama yake, Kulwinder, mzaliwa wa Kisumu, aliposikia natoka Kisii alinishika mkono.

"Kula, mama, chakula iko mingi. Mama yako iko mzima?"

"Yuko mzima," nikamjibu, "anawasalimu."

Nikaendelea kula. Sikujua nimesema nini mpaka nilipokuwa kwenye basi, na hata hapo sikulia. Sijalia tangu Mama alipofariki Machi. Mazishi niliyatazama kwenye simu, katika chumba cha wafanyakazi, nimevaa aproni ya plastiki, mtandao ukikatikakatika. Kisha nikarudi nikamalizia zamu.

Basi nakuomba, futa jina langu kwenye ratiba. Siwezi kusimama niwafariji watu kwa maneno ambayo mimi mwenyewe hayanifikii. Kina mama waambie nimewashukuru, na joho wampe anayeweza kulivaa. Najua utaona haya mbele ya wazee, na hilo linaniuma, au niseme najua lingepaswa kuniuma. Nisamehe. Wewe ndiye baba niliyebaki naye.

Tiketi ninayo, nafika tarehe kumi na tatu Desemba. Msalimie Mama Mdogo, na dada Moraa na watoto wake. Mwanawe Xavier mwambie viatu alivyoniagiza vimo kwenye begi. Baraka ya kufungia barua nimeitafuta sikuipata. Wewe unazo nyingi, jiombee moja, na mimi uniombee nyingine.

Nikifika, usinipeleke kanisani kwanza. Nionyeshe kaburi. Kwangu mimi Mama bado hajafa.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda,
Kemunto