Betri Yetu Inatakiwa na Jeshi, na Baba Hajui

Bi Mardhiya, mshauri wetu, nisikilize mpaka mwisho kabla hujanisema, maana najua utanisema. Mimi ni Afnan, Mzanzibari wa Thamesmead, injinia wa umeme, na jina langu liandike kama lilivyo kwa sababu sijaiba cha mtu. Miaka sita iliyopita nilianzisha kampuni ndogo na mwenzangu Ravinder, Mpunjabi wa Southall aliyezaliwa Kisumu, ambaye Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha wanangu, na sisi wawili kazini tunagombana kwa Kiswahili ili vijana tuliowaajiri wasijue tunagombana. Tunatengeneza sanduku la betri, kubwa kama kabati la nguo, linahifadhi umeme wa jua na kuutoa kidogo kidogo, halingurumi, halitoi moshi, na tangu mwanzo tulilikusudia kwa zahanati na majengo ambayo umeme ukikatika watu wanaumia.

Serikali ya huku ugenini ina fungu la kusaidia kampuni ndogo zinazofanya utafiti pamoja na vyuo vikuu, tukaomba sisi na chuo kimoja, tukapewa ruzuku ya upande wa nishati, wao wakapima kemikali, sisi tukaunda, tukavunja, tukaunda tena, na nasema bila kuona haya kwamba sanduku linafanya kazi, tena vizuri, tumeliweka kwenye chumba cha barafu likaendesha friji ya dawa na taa bila hata kuyumba.

Siku ya kuonyesha matokeo alikuja mama mmoja kutoka wizara ya ulinzi, akaweka kiganja juu ya sanduku akauliza, "Mbona hamjaliwasha?" Nikamwambia limewaka tangu asubuhi. Akaomba kadi yangu. Haukupita mwezi tukaitwa kwenye awamu ya pili, safari hii ruzuku inatoka jeshini, wanataka sanduku liende kwenye kambi badala ya jenereta ili adui asisikie sauti wala asione joto, na katika mpango wao wanataka pia lichaji droni.

Ravinder alifurahi kama mtu aliyepata mtoto. Akaniambia, "Afnan, ruzuku ya kwanza imekwisha. Tukikataa hii tunafunga karakana, na sanduku linabaki picha kwenye ripoti ya chuo."

Nikamwambia, "Nipe nafasi nifikiri."

"Ufikiri nini, bana? Umeme ni umeme. Wewe unauza taa, huuzi bunduki."

"Na hizo droni?"

Akasema, "Nyingine zinatazama tu." Lakini hakunitazama usoni aliposema hivyo, Bi Mardhiya.

Sasa shida yangu ni baba. Mzee Matar anaishi na mimi. Mwaka wa Mapinduzi, yeye akiwa bado mwanafunzi wa skuli, watu wenye bunduki walikuja nyumbani kwao wakamchukua kaka yake mkubwa, na hakurudi, na mpaka leo baba akiona gwaride kwenye televisheni anaondoka sebuleni. Msikitini amewaambia wazee wenzake wote kwamba binti yake anatengeneza umeme wa hospitali. Kila nikirudi ananiuliza, "Sanduku lenu limefika hospitali gani?" nami namjibu, "Bado, baba," naingia jikoni. Mume wangu anasema nisimwambie, mzee ana presha. Saini inatakiwa mwisho wa mwezi huu, Ravinder ananisubiri, vijana wetu wanatusubiri, na baba ukurasa wako haumpiti kila Jumamosi. Naomba msaada wako, nitie saini au nisitie?

Afnan, Thamesmead

*

Afnan, mwanangu, nimekusikiliza mpaka mwisho. Sasa nisikilize wewe.

Kwanza hongera. Wanawake wengi huniandikia wakiomba radhi kwa kuwa na akili. Wewe hukuomba, na usianze kuomba leo.

La pili halitakufurahisha. Unaniambia baba yako anausoma ukurasa huu, na papo hapo unaniambia niliandike jina lako. Wewe ni injinia, hukufanya hivyo kwa kusahau. Ulitaka gazeti limwambie mzee wakati wewe uko karakanani. Kazi hiyo siifanyi. Barua yako nimeizuia, na jibu hili nakutumia nyumbani kwanza. Haitachapishwa mpaka uniambie kwa mdomo wako kwamba umeshakaa naye.

La tatu. Umenieleza hofu ya baba, tamaa ya Ravinder, presha aliyoisema mumeo. Wewe mwenyewe unataka nini, hukuandika hata mstari mmoja. Nimeisoma barua yako mara mbili nikiutafuta. Unamsimamisha mzee mlangoni ili usionekane wewe uliyesimama nyuma yake. Kama droni zinakukera, sema zinakukera wewe. Kama hazikukeri, sema pia, watu wazima husema. Lakini usimwambie mwenzako "baba hataki" wakati baba hata hajaulizwa.

Nimemuuliza mtu anayeijua mikataba hii. Ananiambia awamu ya pili ni mazungumzo, si amri. Kampuni ndogo ina haki ya kusema kifaa chetu kitafanya hiki, hiki hakitafanya. Wao wanaweza kukataa, na hapo mtajua mlipo. Kwa hiyo kaa na Ravinder kabla hamjakaa na wizara, mkubaliane mpaka wenu uko wapi. Tafuteni mwanasheria wenu, si wa chuo, na haki ya kuliuza sanduku kwa zahanati isitoke mikononi mwenu hata kwa siku moja. Ukiona hilo halikubaliki, karakana ifungwe. Umeanzisha moja, utaanzisha nyingine.

Lakini baba kwanza. Zima televisheni, mwambie yote, na droni usizifiche chini ya neno jingine. Mtu aliyevumilia yale hatavunjika kwa kusikia ukweli kutoka kwa binti yake. Kinachomvunja ni ile "bado, baba" yako ya kila siku.

*

Wasomaji wangu, Afnan alinipigia simu, ndiyo maana mnaisoma barua hii leo. Amenipa ruhusa niseme yaliyotokea.

Alimwambia baba yake baada ya chai. Mzee akamuuliza, "Hilo sanduku litawasha taa, au litapiga watu?"

"Litawasha taa, baba. Na friji za dawa, na redio. Wanataka pia lichaji ndege ndogo, na mimi hilo sitaki."

"Mwenzako umemwambia kwamba hutaki?"

"Sijamwambia."

"Mimi nimeambiwa kabla yake?" Akasimama, akaenda kuswali.

Kesho yake Afnan alimwambia Ravinder. Ravinder alikasirika, akapaza sauti mpaka vijana wakajua kwamba leo wanagombana kweli. Siku zilizofuata walizungumza kazi tu. Kisha Ravinder akaja na mkataba uliojaa alama zake za kalamu nyekundu, akasema, "Droni nimezitoa. Wakikataa, tunafunga pamoja." Afnan ananiambia hajawahi kumheshimu hivyo tangu wajuane.

Wizara haikukataa, ila mradi umepungua. Masanduku yatakwenda kwa kitengo cha madaktari wa jeshi peke yake, fungu ni dogo kuliko lile la mwanzo, kijana mmoja wameshindwa kumbakiza kazini, na haki ya kuziuzia zahanati imebaki mikononi mwa Afnan na Ravinder. Wametia saini.

Nikamuuliza, na mzee je? Akacheka kidogo kwenye simu. Baba yake hajaenda karakanani na anasema haendi. Msikitini sasa, akiulizwa habari za binti yake, anajibu kwamba anatengeneza umeme, basi, za hospitali hazitaji tena. Lakini usiku ule wa kutia saini alimsubiri macho, akamwekea chakula, na alipokwisha kula akamwambia, "Sijakubaliana nawe, Afnan. Nimekuelewa."