Bibi Mwanawetu na Udongo wa Bure

Ni mwaka sasa, Bibi Mwanawetu Kaimu, tangu tukurudishe ardhini hapa Nambambo asubuhi ile ya mvua za kwanza. Watu huandika "pumzika kwa amani". Wewe pumzika. Sisi bado tuna hasira, na mwenyewe ulikuwa unasema mwenye hasira asipike, aongee kwanza ndio aingie jikoni.

Basi tunaongea.

Kila kiangazi, ufuta ukishavunwa, wanawake wa hapa mpaka Chiola walikuwa wanakufuata uwasiribie nyumba kabla ya harusi au Idi. Ulikuwa unaanzia mlangoni, unavuta vidole vinne kwenye udongo mbichi, mistari inazunguka nyumba nzima kama maji yanavyotembea, mpaka unarudi mlangoni mstari unakutana na mwenzake. Ukiulizwa siri yako unasema, "Nyumba haipakwi, nyumba inabembelezwa."

Sisi wajukuu tulikuwa tunasubiri upotelee nyuma ya nyumba, halafu tunagandamiza makalio ukutani. Ukirudi unakuta maduara mawili. "Mume gani huyu hana haya!" unafoka, unatukimbiza na konzi ya tope, ukimkamata mtu unampaka mpaka masikioni. Ukichoka unatuita tule ming'oko, vile viazi vya porini, tope likiwa bado usoni.

Mtu akija kukuita kwa kazi ulikuwa huulizi atakupa nini. Unauliza, "Bi harusi ni mtoto wa nani?" Ukishajua ukoo, umeshakubali.

Halafu akaja yule bwana wa mtambo wa dhahabu, kule ng'ambo upande wa Ruangwa. Jina lake hatuliandiki. Halistahili kukaa karatasi moja na lako.

Alikuwa na mlima wa udongo uliobaki baada ya kusaga mawe na kuchukua dhahabu yake. Kuutupa inavyotakiwa ni gharama, kwa hiyo akaona bora atugawie. Malori yakaumwaga uwanja wa mpira, udongo wa kijivu, laini, hauna hata kokoto. Bango likasimamishwa: MSAADA KWA JAMII. Tukapiga makofi, jamani, makofi! Wewe ukachota, ukausugua kwa vidole, ukasema, "Huu umesagwa kama sembe. Leo Mungu kanikumbuka."

Kumbe aliyekukumbuka siye.

Akakuomba uanze na nyumba yako, mpiga picha wake akiwa pembeni. Hiyo picha iliyo juu ya tangazo hili ndiyo hiyo. Umejaa udongo mpaka viwiko, unacheka na mapengo yako yote. Aliiweka kwenye kalenda ya kampuni. Hatuna nyingine inayokuonyesha vizuri, Bibi, ikabidi tuitumie hiyohiyo. Ukiona upande wa kushoto umepinda ni mkasi wa mjukuu wako Raudha, alikuwa anaitoa nembo ya yule bwana huku analia.

Kiangazi kile ulisiriba nyumba yako, ukasiriba za majirani, ukamalizia na madrasa kwa ajili ya Mungu. Mikono mitupu. Hakuna aliyekwambia vaa hata mfuko wa plastiki.

Masika yalipofika mikono yako ikaanza kutetemeka. Wewe! Uliyekuwa unazungusha mstari nyumba nzima bila kuinua kidole, kikombe cha chai kikawa kinakumwagikia kifuani. Ukacheka tu: "Mikono yangu inacheza ngoma, mimi mwenyewe haijanialika." Mwingine akasema uzee, mwingine sukari, mwingine jini. Mwisho figo zikagoma. Tukakuzika bila kujua tunazika nini hasa.

Jibu alituletea Abubakary, kitukuu chako, yule mtoto wa Raudha. Alikuwa ameanza kusema "bibi" na "maji". Akaacha kusema yote mawili. Miguu ikalegea. Akawa anakaa tu pale chumbani kwako, shavu liko ukutani, analamba. Tulidhani amekumiss.

Hospitali wakapima damu, wakakuta risasi. Siyo ya bunduki, ile inayokaa kwenye udongo na mawe. Mtaalamu mmoja anaitwa Fidelis akafuatana na Raudha mpaka nyumbani, akaelekeza kidude kama bastola kwenye ukuta wako, kikalia. Akahamia ukuta wa pili, kikalia.

"Kaka, mwanangu anaumwa nini?" Raudha akamuuliza.

"Dada yangu, mtoto anakula nyumba."

Risasi, zebaki, na vingine majina yake hata kutamka kazi. Yote yalikuwa kwenye ule udongo. Na wewe uliushika kiangazi kizima, Bibi. Uliubembeleza.

Kijiji kikamuita yule bwana kwenye mkutano. Akaja na miwani yake ya jua. "Mimi sikumlazimisha mtu," akasema. "Mliuchukua wenyewe na mkashangilia. Ule ni udongo wa kawaida kabisa. Hata mihogo ukipanda inaota."

Mwanao Masoudi akanyoosha mkono. "Na kwako bosi umeupaka?"

"Kwangu nimejenga kwa bloku."

Watu wakacheka kile kicheko cha msibani. Yeye akaondoka na gari lake.

Fidelis alisema dawa ni moja, kuta zivunjwe na tuhame. Hapo ndipo nyumba yako ilipogombana, na hili tunakwambia kwa sababu ungelisikia hata huko. Binti yako Swaumu akasimama mlangoni kwenye ile mistari yako, akatandaza mikono. "Hauvunjwi. Mkivunja huu mnamzika mama mara ya pili."

"Shangazi," Raudha akamwambia, "mwanangu anaulamba."

"Hamieni kwa Masoudi. Mimi nitabaki na mama."

"Utabaki na mama au utabaki na sumu?"

Hawakusemezana wiki nzima, mboga inapitishwa kwa jirani. Mpaka siku Raudha alipomleta Abubakary akamkalisha mapajani kwa shangazi yake, akaenda kisimani. Aliporudi, mtoto alikuwa anamwangalia Swaumu kama mtu anayemwangalia mgeni, na Swaumu alikuwa anarudia, "Sema bibi. Sema bibi, mwanangu. Sema tu." Mtoto hakusema.

Asubuhi yake Swaumu mwenyewe ndiye aliyechota maji akaulowesha ukuta, maana tuliambiwa vumbi lisiruke. Akafunga kanga puani, akapiga jembe la kwanza. Tukavunja wote. Hatutaki kukueleza ilivyokuwa.

Sasa udongo tuupeleke wapi? Tukiuliza tunaambiwa subirini utaratibu. Tukasubiri. Viroba vimepangwa uani, kuku wanaparua. Ndipo yule mjukuu wako asiyetulia, Huzaifa, akasema, "Mbona rahisi? Msaada ukikuzidi si unamrudishia mwenyewe?"

Tukapakia kwenye maguta, tukaenda siku yule bwana ana wageni wake wamevaa kofia ngumu. Tukashusha viroba getini kimoja kimoja, kwa adabu kabisa, salamu na mikono kifuani. Juu yake tukaweka kibao chenye maneno yaleyale aliyotuandikia sisi.

Akatoka mbio. "Nini hiki?"

"Msaada, bosi," Masoudi akamjibu. "Udongo wa kawaida kabisa. Unaweza kupanda hata mihogo."

"Toeni! Toeni haraka! Mnamwagaje sumu getini kwangu, hapa si kuna watu?"

Sumu, Bibi. Hata wale wageni waligeuka wakamwangalia. Swaumu akasogea mbele, kanga imefungwa kiunoni kama ulivyokuwa unafunga wewe ukienda kazini. "Rudia, baba," akamwambia. "Wa huku nyuma hawakusikia."

Hakurudia. Akaita polisi. Kituoni akalalamika kwamba tumemwaga taka zenye sumu kwenye eneo lake. Askari akamuuliza sumu yenyewe imetoka wapi. Hapo ndipo alipokumbuka ana kikao Dar. Masoudi walimshikilia mpaka jioni, akatoka anacheka, na alikuwa hajawahi kucheka tangu tukuzike.

Lakini tusikudanganye kwamba tumeshinda. Kesi inaahirishwa. Mtambo unasaga. Madrasa imefungwa, watoto wanasomea chini ya turubai. Kuna nyumba bado zimesimama na mistari yako, wenyewe wanasema hawana pa kwenda, na tukipita tunawaona watoto wamekaa barazani wameegemea ukuta. Abubakary anatembea kidogo kidogo. Daktari alisema mengine yatarudi na mengine hayatarudi, na hakutuangalia alipokuwa anasema.

Dua yako itasomwa Ijumaa baada ya swala ya alasiri, chini ya turubai la madrasa, maana nyumba hatuna tena. Majirani mliosiribiwa na Bibi, njooni, na mje na watoto. Fidelis atakuwepo na kile kidude chake, atawapimia kuta bure. Msione aibu, msione mnamkosea marehemu. Ingekuwa yeye amejua, angezibomoa kwa kucha.

Wanaokukumbuka ni wanao Masoudi na Swaumu. Wajukuu zako Raudha na Huzaifa, yule uliyemwita Profesa Nusu baada ya kuacha chuo. Kitukuu chako Abubakary, ambaye hajalisema jina lako lakini tunamfundisha upya. Na ndugu zako wote wa Nambambo, Chiola na Kiegei.

Wewe tutakukumbuka siku zote. Na yule bwana pia, hatutamsahau.