Ngazi Sitini na Nne

3 Februari

Binti yangu mpendwa,

Hujambo? Mimi sijambo, ila mgongo, na huo umeuzoea. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunikatisha.

Ratiba mpya ya mabasi ya shule iliyotoka ofisini kwenu imefuta kituo cha Rubani, yule mtoto wa kiti cha magurudumu anayeniamuru kila asubuhi, "Tupae, dereva!" Wiki mbili hajafika darasani, na mwaka huu anamaliza shule ya msingi. Nani kakifuta?

Baba yako

9 Februari

Shikamoo Baba,

Mimi mzima, kazi tu imenizidi. Ni mimi niliyekifuta. Jiji lina wanafunzi laki mbili, mabasi hayatoshi, na kanuni inasema anayekaa chini ya kilomita moja na nusu hapandi basi. Kompyuta inaonyesha kwa Rubani ni mita mia tisa. Nikimpendelea abiria wa baba yangu, watu watasemaje?

Halafu acha kupiga honi mitaani. Malalamiko yanaletwa mezani kwangu, na ofisi nzima inajua wewe ni nani wangu.

Mwanao

12 Februari

Binti yangu,

Salamu baadaye, leo nina hasira. Hizo mita mia tisa alizipima nani, kunguru? Kati ya shule na kwao kuna reli. Azima kiti cha magurudumu pale shuleni, ukisukume mwenyewe mpaka mlangoni kwao. Kiwe kitupu, sitaki uumie. Kisha uniandikie.

Baba yako

22 Machi

Shikamoo Baba, na unisamehe kwa kukaa kimya.

Nilikwenda. Daraja la kuvukia reli lina ngazi sitini na nne. Nilikaa kwenye ya thelathini nikalia, kiti kimelala ubavu. Mama mmoja akanipa pole akidhani nimefiwa. Ikabidi nizunguke, kilomita nne na ushee. Rubani alinifungulia mlango, akaniangalia nilivyolowa jasho, akauliza, "Wewe ndiye kompyuta?"

Mkuu wangu alisema kanuni ni kanuni. Basi nikaingia na kile kiti mkutanoni, nikamwomba twende wote darajani. Aliishia ngazi ya kumi na mbili, tai begani. Siku ya tatu akasaini: njia zote zipimwe upya, zile watoto wanazopita kweli. Tumewapata mia tatu na kumi na mmoja, Baba, na wengi wao niliwafuta kwa mkono wangu. Naona aibu, na nina furaha sijui niiweke wapi.

Jumatatu kamchukue Rubani.

Mwanao

25 Machi

Binti yangu shujaa,

Mgongo umepona, usiniulize umeponaje. Lifti ya basi ilipomnyanyua Rubani, mama yake aliacha cherehani akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka na miswaki mdomoni. Darasani wenzake walikuwa wamemlindia nafasi yake mbele, hakuna aliyethubutu kuigusa.

Nami nilipiga honi toka kwao hadi getini, bila kupumzika. Niandikie barua ya onyo. Nitaitundika sebuleni, juu ya televisheni.

Baba yako, anayeringa

27 Machi

Kwa dereva wa basi namba tisa,

Ofisi imepokea malalamiko saba kuhusu honi yako ya Jumatatu. Hili ni onyo rasmi.

Ijumaa asubuhi nitapanda basi lako, nyuma ya Rubani. Piga tena.

Mwanao