Nyanya Hazitaki Masika

Mjukuu wangu Zawadi,

Marahaba. Shikamoo yako imefika Temeke pamoja na swali lako. Sie wazima, shangazi yako kajifungua kidume, sura yangu kabisa, bahati yake.

Nyanya huko Tanga usizipande masika. Mvua ikipungua, mwezi wa tano, sia mbegu. Wa sita hamisha miche, na umwagilie shinani, majani yasilowe. Masika panda matembele.

Hayo aliniambia marehemu bibi yako, enzi hatujazaa. Alilea miche kwenye makopo, mie nikaipanda mwezi wa tatu ili niwakoge majirani. Akasema, "Mzaramo wee, unapanda nyanya au unapika supu?" Yeye Mnyamwezi, mtani wangu, nikadhani ananitania tu. Nikamjibu mbele ya watu, "Mbeba mizigo utanifundisha mie niliyefika Mombasa?" Watu wakacheka. Yeye akaitazama miche yake, akaingia ndani.

Nyanya zilioza zikiwa bado kijani. Aling'oa mashina yote. Mie bingwa wa maneno, samahani ikanishinda.

Tangu hapo nafuata miezi yake, na nyanya nazipata kila mwaka. Lakini bustanini hakunitania tena, mpaka namzika.

Babu yako