Funga Lango Kwanza

Jumatano, 9 Aprili

Hospitali ya watoto, Fergana. Foleni ndefu kama kawaida, daktari ana haraka kama kawaida. Zebo kalala mapajani pangu, msichana wa miaka kumi, miguu yake inafika sakafuni. Mama mmoja aliyekaa kando yetu akamshika mkono, akageuza vidole, akaona vidoti vya kupimwa sukari. Alimwita mwanawe, akaweka vidole vyake sambamba na vya Zebo. Vidoti vile vile, ila vyake viko pembeni!

"Mnatoboa katikati ya ncha," akaniambia. "Toboa pembeni, dada. Hapaumi sana."

Tangu theluji ya kwanza namtoboa mwanangu penye maumivu, na hakuna aliyeniambia.

Anaitwa Inobat, mwanawe Asror. Kanipa boksi la vijiti vya kupimia, akakataa shukrani. Nitamlipa kwa kumpa mama mwingine, basi. Wana gashtak yao: akina mama wa watoto wa kisukari, kila mwezi wanakutana nyumbani kwa mmoja wao, kwa zamu. Jumapili niende. Nikasema nitaona. Nilishajua nitakwenda.

Jioni, Zebo alipotoa tu kalamu yake ya insulini, mama mkwe akasema yale ya kila siku: "Funga lango kwanza." Kisha akakimbilia jikoni asione sindano. Anamwogopa Salomat, jirani yetu, mshenga wa mtaa mzima, ambaye huingia uani bila hodi. "Akijua yule, basi tena. Nani ataleta posa kwa mtoto wa sindano?" Posa! Zebo bado anacheza kombolela. Lakini sicheki sana. Mimi ni msusi, najua maneno yanavyosafiri. Kwenye kiti changu habari ya uchumba hufika kabla ya mchumba.

Jumapili, 13 Aprili

Nimemdanganya mama mkwe. Nimesema ni gashtak ya wenzangu wa darasa. Akafurahi, akatupa na mikate ya kupeleka.

Kwa Inobat, halva katikati ya meza. Nikaisogeza mbali na Zebo, kama ninavyofanya nyumbani. Wanawake wote wakanicheka, kicheko kizuri tu, cha watu waliowahi kuisogeza wao pia. Inobat akaweka kipande juu ya mizani, akamwambia Zebo apige hesabu mwenyewe kipande hicho kinataka dawa kiasi gani. Hesabu, zile zile anazozililia shuleni! Akazipiga mara moja, Inobat akazikagua. Kisha watoto wote wakapandisha mashati wakajidunga, wakashindana nani tumbo lake lina alama nyingi. Zebo kawa wa pili. Kaonewa, anasema, na njia nzima ya kurudi alikata rufaa.

Alikula ile halva polepole, akalamba vidole vyote, hata visivyoigusa.

Na mimi nimerudi na mengi. Namba ya muuguzi anayejibu ujumbe. Mkoba wa kuhifadhi dawa wakati wa joto, unaozunguka kwa atakayeuhitaji. Mama mmoja, Farogat, ni mwalimu. Atazungumza na mwalimu wa Zebo asimtoe nje ya darasa kila anapojipima. Nilicheka mpaka nikalia. Au nililia kwanza, sikumbuki.

Tukiwa tunaaga, Inobat akanishika bega, akatangaza: "Mei ni zamu ya Muhayyo." Nikaitikia, mdomo umejaa halva. Ee Mungu wangu, nimefanya nini?

Jumatatu, 14 Aprili

Zebo, kitandani: "Mama, wakija kwetu, lango litafungwa?"

Nikamwambia alale.

Alhamisi, 24 Aprili

Sukari ilimshuka shuleni. Mwalimu akampa juisi, akasubiri apime, somo likaendelea. Mimi nimesikia jioni, kutoka kwa Zebo mwenyewe, katikati ya kisa kirefu cha paka aliyeingia darasani. Paka ndiye aliyekuwa habari! Nimemwombea dua Farogat, na mwalimu, na paka.

Ijumaa, 9 Mei

Nimejaribu kumwambia mama mkwe ukweli mara mbili. Ya kwanza alikuwa anakanda unga, na mtu anayekanda unga kwa hasira ile haambiwi kitu. Ya pili alikuwa na furaha mno. Anadhani ni wenzangu wa shule wanakuja, kwa hiyo heshima ya nyumba iko mezani: halva aina mbili, chak-chak, vipande vya unga wa kukaanga vilivyoshikana kwa asali, sukari ya mawe, jamu ya cheri. Tena amemwalika Salomat aje kusaidia. "Mkono wake mwepesi," kasema. Na mdomo pia, nikajibu moyoni.

Nikampigia Inobat tuahirishe. "Meza nzima ya halva, na wewe unataka kuahirisha? Watoto watakushtaki." Kisha akaacha utani. "Lakini dada, hatuwezi kuja kumficha mtoto wako ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mwambie mama."

Zebo alikuwa anasikiliza, bila shaka. "Bibi nitamwambia mimi," akasema. Lini? "Nikitaka."

Jeuri hiyo hakuirithi kwangu. Namjua mwenye nayo, yuko jikoni anakanda unga.

Jumapili, 11 Mei

Niko stoo, juu ya gunia la mchele. Pilau imefunikwa, haiguswi mpaka iive. Nimekimbilia huku, bora niandike.

Lango li wazi tangu asubuhi. Siku ya wageni kulifunga ni aibu. Wamekuja wote. Mama mkwe akawakumbatia mmoja mmoja, akamuuliza Inobat kama tulikaa dawati moja. Inobat hajui kudanganya.

"Hapana, mama. Foleni moja."

Uso wa mama mkwe ukaganda. Salomat akaacha kukata nyanya. Na Asror, macho hayatoki kwenye halva: "Bibi, mna mizani?"

"Ya nini?"

"Ya halva. Sisi sote tuna kisukari, lazima tuipime."

Sisi sote. Mama mkwe akawatazama mmoja mmoja: mashavu mekundu, midomo imekuwa myeusi kwa forosadi za mti wetu, hakuna mgonjwa hata mmoja wa kumhurumia. Mwishoni akamtazama Zebo. Zebo hakuinamisha macho. Mama mkwe akasimama. Nilijua anakwenda langoni. Akaja huku stoo badala yake, akanipita, akachukua mizani yake ya aprikoti kavu, ile ambayo hata mwanawe, mume wangu, haruhusiwi kuigusa.

Nachungulia kwenye ufa wa mlango. Halva imepimwa. Watoto wanajidunga, kelele kama sokoni. Zebo kajiweka wa mwisho. Kashika kalamu yake, anapita — haji kwangu. Kasimama mbele ya bibi yake.

"Bibi, leo nidunge wewe. Mikono ya mama ina baridi."

Mwongo mkubwa, mwanangu.

Salomat anamuuliza mama mkwe, kwa sauti ya chini nisiyowahi kumsikia nayo: "Oysara, kumbe mtoto huyu naye…?"

Mama mkwe anatafuta miwani yake. Iko kichwani. Ameipata.

"Sogea, Salomat. Unanizibia mwanga."

Zebo amepandisha gauni. Lango liko wazi kabisa, wapita njia wanapita. Nasubiri mama mkwe aseme lifungwe. Hasemi. Anauliza abonyeze wapi, na watoto wote wanamjibu kwa pamoja.

Pilau inanuka kuungua. Iungue tu, sitoki hapa.